Mwendo Mdogo

Ziko mbili, juu ya gunia, karakana yangu ya Kibirizi.
Hii ndogo, ya mipigo miwili, hulia kama nyigu chupani.
Hii ya mipigo minne ni nzito, hukoroma.
Baruani, mpwa wangu, anataka nyigu.

Namwambia: tazama pua ya ndege yako, fupi.
Ukifunga nyepesi utabandika chubwi za risasi mbele
ili mkia usiburuze.
Ya nini kubeba risasi isiyofanya kazi?

Basi nzito. Skrubu nne,
vibati viwili chini ya mguu wake
ielekee kulia kidogo, iiname kidogo,
kama mtu anayemsikiliza mtoto.

Sindano ya mafuta, fungua mizunguko mitatu.
Plagi. Pangaboi. Moshi unanuka nyonyo.
Sasa funga, polepole, sauti ipande, ipande,
hapo! Rudisha robo.
Injini yenye kiu haifi mkononi,
hufia hewani.

Mama akatoka jikoni na mwiko.
Nyanya yake aliiona ile yenyewe, ya Wabelgiji,
ilivyokuja juu ya bandari na miguu ya mitumbwi.
"Haikulia hivyo," akasema.
"Ilikoroma, halafu ikashusha sauti.
Wakadhani imechoka.
Ndipo."
Akarudi kwa dagaa wake.

Tangu hapo tumeinamia skrubu ya mwendo mdogo,
Baruani na mimi, robo ya robo,
kibatari kikitupaka masizi,
tukiutafuta ule unyamavu:
ishuke,
isizime.