Gia ya Tatu

Kilima cha Uru kinapoanza kuuma,
ukishapita tangi la maji, kabla hujaliona kanisa,
injini ilipaza sauti
kama mlevi anayegombana na ukuta,
na tairi la nyuma halikuitika.
Nikaongeza resi. Kelele zikapanda, sisi tukabaki.
Mama Aikande, kiroba cha pumba mapajani,
akaniinamia begani: "Baba, huyu wako analia tu, haendi."
Akashuka, akalipa nusu, akajitwika kiroba,
akanipita kwa miguu.

Fundi Ndesario yuko nyuma ya soko la Mbuyuni.
Sikio lake la kushoto lilikufa zamani:
yeye husema ni mashine ya kusaga, mkewe husema ni ukaidi.
Nilikaa kushoto makusudi, nikamwaga maneno:
pikipiki imechoka, barabara mbovu,
petroli ya siku hizi ina maji.
Alishika mkono wa klachi kwa vidole viwili, akaubembeleza.
Ulicheza kidogo, unene wa sarafu mbili, kama inavyotakiwa.
"Si waya," akaiambia pikipiki.

Akaiwasha. Akatia gia ya tatu,
akabana breki zote mbili,
akaachia klachi taratibu huku akivuta resi.
Klachi nzima, hapo injini huzimika.
Yangu haikuzimika.
Ilinguruma imesimama,
ikijitafuna ndani kwa ndani,
na harufu ikatoka, ya maharage yaliyoshika sufuria.
Moshi nzima, na moshi wenyewe hauonekani.

Akaweka karai, akafungua nati ya chini.
Oili ikashuka nyeusi.
Akachovya kidole, akasugua na dole gumba,
akanusa, akanitazama.
Mimi nikatazama kuku wa jirani.

Mfuniko ulitoka na nusu ya gasketi.
Springi nne alizilegeza kwa msalaba, kidogo huku, kidogo kule,
akachomoa pleti moja moja, akazipanga juu ya gunia
kama mtu anayehesabu chapati za wageni.
Za kushika zilikuwa laini, zinang'aa kipara.
Za chuma zilikuwa zimegeuka buluu,
buluu nzuri, ya shingo ya njiwa,
na hapo ndipo nilipojua ni hasara.
"Zimekwisha," alisema. "Ila hazikuisha zenyewe."

Nikazunguka. Nikachuchumaa kulia,
kwenye sikio linalofanya kazi.
"Oili niliweka mimi. Ya gari.
Shemeji alinipa dumu, anaendesha watalii Arusha.
Ilikuwa bure."

Hakushangaa. Alikuwa anakwangua gasketi kwa kisu cha jikoni.
"Klachi ya gari inakaa pakavu," alisema.
"Hii yako inaoga na injini beseni moja.
Ukiiogesha kwa utelezi, itashika nini?"
Kisha: "Elfu arobaini na tano. Na ufundi."

Pleti mpya alizilaza kwenye bakuli, oili ya pikipiki hadi shingoni.
"Zinywe mpaka kesho. Ukizifunga kavu utarudi hapa unalia."
Nilirudi Pasua kwa miguu.
Mama Ndeshi, mwenye pikipiki, alipiga mara tatu
akitaka hesabu ya siku, elfu kumi.
Mara ya nne nilipokea. Nikamwambia na yeye.
Sitaandika alichojibu.

Asubuhi gia ya tatu tena, breki tena,
klachi ikaachiwa.
Pu.
Ikazimika.
Sijawahi kuifurahia injini iliyokufa namna ile.
Ndesario hakucheka, alinipa tu dumu la shemeji,
zito bado, limefungwa kwa mfuko wa plastiki:
"Mrudishie. Gari lake linaihitaji."

Mama Aikande alikuwa sokoni, kiroba kingine miguuni.
Aliitazama pikipiki, mimi hakunitazama.
"Kwanza iwashe," alisema. "Nisikie."