Kigae Cheupe

Leo umeme ulikatika saa nane kasoro,
Kwa Mtoro yote ikanyamaza ghafla
isipokuwa Gidabasi, mbio na ufunguo wa jenereta,
kandambili mkononi.
Nikafungua mlango wa jokofu kidogo, kama mchungulia mgonjwa.
Nyuzi nne. Nyuzi tano. Nikaandika.
Daftari hili la joto la jokofu
ndicho kitabu cha kwanza kutungwa na chuo chetu.

Hatukuanza na darubini.
Tulianza na andiko la mradi lililorudishwa mara tatu:
mara ya kwanza kwa kuwa hatuna maabara,
ya pili kwa kuwa hatuna mtafiti,
ya tatu kwa sababu ya koma.
Mwalimu Ndahani alicheka mpaka akakaa chini.
"Ya koma," akasema, "tunaiweza."

Tulichemsha vyombo katika sufuria ya presha
iliyozoea makande ya wanafunzi.
Ikaja mashine ya kuzungusha damu, soketi hakuna.
Ikaja meza, mlango mdogo; tukavunja ukuta,
na fundi akadai malipo mara mbili,
ya kubomoa na ya kujenga.

Lipo jambo halimo kwenye andiko.
Nilikuwa na miaka tisa. Lilikuja gari jeupe,
likasimama penye zahanati, akina mama wakapangwa foleni.
Mama alitoa mkono. Akaulizwa jina.
Jina lake linaanza kwa mlio wa ulimi
unaobanduka kaakaani,
kama kizibo kikitoka kwenye kibuyu cha asali.
Karani aliinua kalamu, akaishusha,
akaandika: 417.

Chupa ikaondoka na barafu. Mama akabaki na pamba
ameibana kiwikoni, na homa yake ileile,
ya kupanda jioni na kushuka alfajiri,
viungo vikimwuma kana kwamba amelima shamba la watu wote.
Kila gari lilipopita alisema, labda majibu hayo.
Magari yalileta sukari, mabati, wagombea.

Leo sampuli zilikuwa kumi na mbili.
Tone la maji ya damu, tone la dawa ya waridi,
juu ya kigae kilichobaki
bafu la mkuu wa chuo lilipojengwa.
Unatikisa dakika nne, taratibu, kama unabembeleza.
Ugonjwa wa maziwa mabichi ukiwemo,
waridi huganda punje punje, mfano wa mtindi.

Kumi zilikaa kimya. Ya kumi na moja iliganda:
bibi yake Gidabasi.
Hakusema kitu, alichukua kofia ya pikipiki.
Kabla ya magharibi bibi atakuwa na vidonge
na habari ya kuchemsha maziwa,
chungu kuliko vidonge.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya mama.
Kwenye lebo niliandika jina lake lote,
pamoja na ile alama ya mstari
tuliyokubaliana darasani isimame mahali pa mlio.
Nikatikisa. Dakika nne.
Nikaongeza ya tano, isiyoruhusiwa.
Waridi likabaki waridi, laini,
hakuna punje hata moja.

Siyo hiyo, basi.
Miaka yote nimesoma nikiifuata hiyo.
Kwenye safu ya majibu nikaandika: hasi.
Kwenye safu ya maoni, ambayo hakuna aliyewahi kuijaza,
nikaandika: bado hatujui.

Jioni nilimpelekea kwa miguu.
Alikuwa akipepeta uwele.
Nilimwambia yote kwa lugha yetu,
na hapo penye "hatujui" sauti yangu ilijikwaa.
Akapuliza makapi. Akanitazama.
Akakunja mkono wa gauni, ule ule wa siku ile.
"Rudini na kesho," akasema. "Damu ninayo."