Kupima ni kwa Mahindi

Kila Ijumaa, kabla wachuuzi hawajafika na pikipiki zao,
namtia Abwooli ndani ya gunia, kichwa nje,
namtundika kwenye ndoana ya mizani.
Halalamiki. Anazunguka polepole,
akiutazama ukuta, akinitazama, akiutazama ukuta,
kama mtu aliyeitwa ofisini asiambiwe kosa.
Ijumaa iliyopita: kilo mbili na nusu.
Niliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa ghala,
chini ya tatu, chini ya tatu na robo,
chini ya nne ya wakati wa kupalilia.

Na anakula! Hilo ndilo linalonichanganya.
Mukene anamaliza, sufuria anailamba mpaka inasogea hadi kizingitini,
maji anakunywa kama gari lililotoboka rejeta.
Usiku anapanda juu ya magunia, analia
kwa sauti nisiyoijua, miaka kumi na minne hii.
Nikimwita, mke wa mchungaji naye huitika ng'ambo ya barabara;
empaako yao ni moja.
Siku hizi huitika yeye tu.

Kugonza wa duka la mbolea anasema ni minyoo.
Mama Nyamahunge anasema ni uzee, mwache, hata sisi.
Mwanawe, kwa sauti ya chini: kuna mtu.
Kigumba haikosi jina la kukonda.
Nilikuwapo walipolileta lile jingine,
silimu, wakilitamka huku wakitazama pembeni,
wakaacha kunywa chai kwangu,
na mshipi wa Kaahwa ukaongezwa tundu kwa msumari,
tundu jingine, tundu jingine,
ncha ikaning'inia kama ulimi wa mbwa.
Hesabu hiyo hakuna aliyeiandika mlangoni.
Nilimwambia, twende Masindi tukapime.
Akajibu: kupima ni kwa mahindi.
Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe,
kwa sababu lilikuwa limesemwa vizuri.

Jumatatu nikapanda lori la mahindi
na paka ndani ya boksi la sabuni.
Daktari Isingoma, mikono yake imezoea ng'ombe,
akafunua midomo: jino moja bovu, si hilo.
Akapapasa shingo, amefumba macho.
Labda tezi, akasema. Labda figo.
Labda kitu kisicho na adabu ya kuguswa.
Damu iende Kampala. Bei: magunia mawili.
"Kwa paka?" akauliza kijana aliyemshikia taa.
Kwa paka.
Sindano ikaingia.
Abwooli hakuwa na neno zuri la kukataa.

Leo ni siku ya nne. Simu iko kifuani, ndani ya blauzi.
Panya wameshajua; wanapita mchana kweupe,
hawana tena haja ya kukimbia.
Sijaomba niambiwe atapona.
Nataka jina,
litamkwe na mtu anayenitazama usoni.

Ijumaa tena. Natundika gunia.
Nywele zimejaa kwenye kiganja, mifupa ya mgongo
naihesabu bila kutaka, kama punje kwenye gunzi.
Mshale wa mizani unatetemeka,
unakwenda, unarudi.
Nimeshika chaki. Nangoja utulie.