Zamu ya Mzee Kinunda

Miaka ishirini na miwili nimelinda ghala la mchele Chang'ombe:
rungu, tochi, filimbi, daftari la wageni.
Sikuwahi kusinzia. Tajiri mwenyewe alikuja saa tisa usiku
akinyata kwa ncha za vidole anifumanie,
nikamwambia gizani: Bosi, viatu vyako vinalia.

Sasa nimelazwa Upanga.
Daktari Namsifu anachora nyuma ya bahasha ya eksirei:
hii seli ya saratani, ina kitasa chake mlangoni,
huu ufunguo, na mkiani mwa ufunguo
tumefunga sumu, chembe tu, asili yake bakteria.
Ikiingia, seli hufia ndani. Jirani hashtuki.

Mzunguko wa kwanza sumu ilipita.
Bandama ikanywea, nikafunga mkanda tundu la tatu.
Wa pili, hola.
Walinzi wa damu yangu walishaandika jina lake,
rangi ya shati, saa aliyoingia.
"Wewe tena?"
Wakamkaba getini kabla hajatoa barua mfukoni.

Nilicheka mpaka dripu ikatikisika.
Kumbe hata humu ndani ni mimi.

Basi kabla ya sumu, dawa nyingine,
ya kuwalaza wenye kushika daftari.
Kwa muda gani? Miezi.
Na mwizi wa kweli akija?
Hakunificha: mafua ya mtoto yanaweza kukuangusha.
Kachumbari marufuku, maji yachemke,
na Shukurani, mjukuu wangu, atanipungia mkono
kutoka chini, kwenye maegesho.

Karatasi ya saini iko mapajani.
Nimeishika kalamu, naliona ghala
geti wazi, taa zimezimwa, magunia
yanapumua bila mtu.
Na mimi ndiye niliyemsemea Mbwambo kwa tajiri
akafukuzwa, kosa lake miayo!

Nimesaini. Mwandiko umepinda.

Usiku Sista Levina anatundika chupa,
anahesabu matone kwa saa yake ya kifuani.
Namwambia: usinizimie taa, mwanangu.
Wao walale. Hawana kosa,
hakuna aliyewaambia kwamba safari hii
mgeni tumemwita wenyewe.
Lakini lazima mmoja abaki macho
na hiyo zamu naijua.
Niletee chai tu.
Iliyochemka sana.