Mtaro Namba Kumi na Saba

Mtaro huu ulichimbwa kwa ajili ya mvua.
Siku ya jua wapaswa kuwa na kiu kama sisi:
koo kavu, maua ya mjakaranda yaliyonyauka,
labda mjusi.
Ndivyo alivyotufundisha Bi Nasambu
aliyekuja na chupa kumi na mbili kwenye kiondo
na uzi wa katani shingoni:
"Mvua ikinyesha, usiamini unachokiona.
Njoo siku kavu. Siku kavu haina kisingizio."

Basi huja Jumanne, kabla ya kazi,
nikishuka kwa makalio penye tope
chini ya daraja la Kirichwa Ndogo,
hapo namba kumi na saba anapofungua kinywa.

Naandika.
Saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Mvua ya mwisho: siku tisa zilizopita.
Maji: yapo.
Joto: nyuzi ishirini na sita. Kijito chenyewe, kumi na saba.
Povu: kama la bia.
Harufu:
hapo kalamu husita. Daftari lina kisanduku kidogo
na pua yangu ina habari ndefu.

Wapita njia huuliza kama nimeangusha simu.
Korongo mmoja mwenye koti la kijivu
hunitazama kama karani wa jiji
anayejua faili ilipo na hasemi.

Nikaufuata mtaro juu, kifuniko kwa kifuniko,
ingawa vifuniko vingi vilishauzwa kwa kilo
na mashimo yamezibwa kwa matawi, kwa tairi,
kwa kiti cha plastiki kilichokatika mguu.
Shimo la tisa: kavu. Nikarudi.
Shimo la nane: yanaingilia kushoto.
Kushoto ni barabara yetu.

Nilidhani ni dobi. Nilitaka awe dobi.
Halafu nikadhani ni waosha magari wa kwa Musembi,
nikayapanga njiani maneno ya kumwambia,
maneno makali, yenye wajukuu ndani yake.
Musembi akanionyesha shimo lake la kuchujia,
mchanga, kokoto, makaa,
kisha akauliza, bila ubaya,
"Na nyinyi huko ghorofani, yenu huenda wapi?"

Bi Nasambu akanipa unga wa rangi, kijiko kimoja.
Haudhuru samaki, alisema,
tukakumbuka hakuna samaki, tukacheka vibaya.
Niliumwaga chooni kwangu, ghorofa ya nne,
nikavuta maji,
nikashuka ngazi mbio, viatu mkononi, kama mwizi.
Dakika kumi na moja.
Namba kumi na saba akatoa ulimi wa kijani,
si kijani cha majani, kijani cha kuaibisha,
na mtoto mmoja wa shule, juu darajani, akapiga makofi.

Miaka sita nimeishi pale.
Miaka sita nimevuta mnyororo nikaondoka
nikidhani nimemaliza.
Husema maji yakimwagika hayazoleki.
Sawa. Ila hayapotei; yana njia, yana mlango,
na ufunguo wa mlango huo umo mfukoni mwangu.

Shivachi, mlinzi wa jengo, aliniomba nisiandike.
Bomba liliunganishwa usiku, alisema,
enzi za mwenye nyumba wa kwanza,
na huyu wa sasa hapendi karatasi.
Shivachi ana watoto wanne. Sikumjibu haraka.
Nilichonga penseli mpaka ikabaki kama kucha,

kisha, kwenye kisanduku cha chanzo,
nikaandika jina la jengo, namba ya mlango,
na, kwa kuwa palibaki nafasi, langu.

Usiku huo mawingu yalijikusanya upande wa Ngong,
mvua ikaja kwa fujo,
mtaro ukanguruma kana kwamba hauna hatia.
Sikuamka kwenda kutazama.
Niliirudisha hesabu kwenye sufuri,
nikaisuuza chupa, nikaiinamisha kwenye dirisha
ikauke.