Shuka Uone

Maji huja Jumanne, saa nane za usiku.
Jumanne ile hayakupanda ghorofa ya tano.
Bomba langu lilikohoa mara mbili, likanyamaza.

Nikashika simu. Kundi letu la wapangaji,
watu arobaini na mmoja, wengi bado macho,
nikaandika kwa kidole gumba kilichokosa usingizi:
Nyaboke wa namba mbili,
hayo mapipa saba ni ya ukoo mzima?

Vikaja vile vichwa vya manjano vinavyolia kwa kicheko,
vikapangana kama mashahidi wa kukodi.
Musembi akatia chumvi.
Mwingine, simtaji, akatia kabila.
Sikuwa nikielekea huko, lakini sikusema kitu.
Gari lilikuwa langu, ingawa dereva alishabadilika.

Nyaboke akajibu maneno mawili:
Shuka uone.

Nilidhani ananiita vitani.
Nikavaa ndara, nikashika ukuta, stima zimepotea Umoja nzima,
nikipanga matusi, tusi moja kila kipandio.
Vipandio ni themanini.
Matusi yaliniishia ghorofa ya pili.

Mlango wake ulikuwa wazi, mshumaa juu ya friji.
Shimo la bafu lilikuwa likitapika
povu, punje za wali, kifuniko cha dawa ya meno,
na nywele za kusukia, rangi ya damu ya mzee.

Nilizijua zile nywele.
Nilizifumua mwenyewe Jumapili,
nikaoga, nikaimba, nikasahau.

Mtoto wake alikuwa amelala juu ya meza.
Yeye, leso kiunoni, miguu mitupu ndani ya maji yetu,
hakupaza sauti:
"Nyinyi mkioga, mimi hupiga deki.
Hayo mapipa ungetaka niyajaze nini?"

Nikachukua tambara.
Tulikamua hadi adhana ya alfajiri, bila mazungumzo mengi.
Hatukupatana, niseme kweli.
Mimi bado naona manne yangetosha.
Yeye bado anaona tulio juu tunaringa,
na tukimwaga ndoo hatuulizi inakwenda wapi.

Nilipanda na ndara zilizolowa.
Kwenye simu, jumbe tisini na tatu,
kicheko bado kinachemka.
Nikaandika: Nimetoka kwa Nyaboke.
Kilichoziba bomba ni nywele zangu.

Kimya.
Juu ya kioo ikatokea: Musembi anaandika...
Ikapotea.
Ikatokea tena.