Kilo Tatu na Gramu Mia Sita

Nimeilaza juu ya mizani ya mabondo,
maana kitu nisichokipima sikijui.
Kilo tatu na gramu mia sita, bila risasi.
Uzito huo wa mabondo makavu ya sangara
uliezeka nyumba yetu ya Igombe, mbele na uani.

Lutonja, mdogo wangu, anaisifia
kama mshenga aliyekwisha kula kishika uchumba:
Tazama dada, fupi, na mtutu wake haukukatwa.
Magazini imehamia nyuma, chini ya shavu,
kama mtu aliyebeba tumbo lake mgongoni.
Itageuka ndani ya mtumbwi bila kugonga ubao,
italala chini ya turubai
kati ya kreti na dumu la petroli.

Kweli. Namkumbuka Mafwimbo
usiku ule, Kome ikiwa nyuma yetu:
gobore lake refu kama mwiko wa msibani
likanasa kwenye kamba za nyavu.
Alipolinasua, injini ilikwisha kufunguliwa,
mkoba wangu uko mtumbwi wa pili,
na vidole viwili vya Mafwimbo
si vya Mafwimbo tena.
Urefu ulituponza. Hilo nimeliandika.

Lakini mimi ni wa shoto.
Nilichapwa darasani mpaka mwalimu akachoka yeye.
Na bunduki hii hutema maganda upande mmoja tu,
palepale shavu langu litakapolala.
Nimemuuliza Lutonja. Amekohoa.
Utajifunza kulia, dada.
Kulia najua, nimemjibu,
nilijifunza usiku ule.

Kifyatulio kiko mbele, nyundo iko nyuma,
baina yao ufito mrefu ndani ya giza;
ukivuta ni kama kumwita mtoto
aliye chumba cha tatu.
Kizito ni heri, anasema, hutafyatua kwa bahati mbaya.
Kizito kwa nani? Kwa anayetetemeka?
Na mlipuko kando ya sikio!
Sikio ndilo mtaji wangu:
bondo bichi na bondo kavu
nayatenganisha kwa kuyagonga ukucha.

Halafu mtendaji wa kata, halafu kamati,
alama za vidole, picha mbili, njoo kesho.
Sanduku la chuma la kuchimbiwa ukutani,
ufunguo shingoni hata kuogani,
na Ng'walu wangu, miaka tisa,
ambaye amekwisha kupata sukari ya Krismasi,
na pete ya baba yake, na barua
nilizodhani nimezichoma.

Haya yote ningeweza kuyajumlisha.
Liko moja sikumwambia polisi.

Yule wa tochi, kabla hajauchukua mkoba,
aliuinamia, akauinua kwa mikono miwili, taratibu,
kama mtu ajuaye kwamba bondo kavu hupasuka.
Akasema: Samahani, mama Ng'walu.

Wiki iliyofuata, mwaloni Kirumba,
niliwalipa watu saba.
Nilihesabu noti polepole kuliko kawaida,
nikamsubiri kila mmoja aseme asante.
Wawili walisema. Mmoja aliitikia kwa kichwa
akaenda kunawa miguu ziwani.
Wengine walikuwa na njaa tu.

Tangu hapo nanunua samaki kwa sauti hiyo,
sijui ni ipi, nainunulia.
Kwenye mtumbwi mwembamba, gizani,
kitu kifupi kisichonasa kwenye kamba
kingeifikia kabla sijaitambua.
Lutonja anaita hiyo faida.

Nimeiondoa mizanini.
Nimemwambia aje Alhamisi, yeye na mwenye mali.
Ameondoka akipiga mluzi, kaiacha mezani,
imefunikwa kanga yangu ya maua,
na tumbo lake la nyuma limejitokeza
kama mgeni aliyelala kifudifudi.

Mizani haijarudi sifuri.
Inasoma gramu nne.
Nimeifuta kwa kitambaa, nimeifuta tena.
Mafuta yake, labda.
Au ni kidole changu, cha shoto,
ambacho sijakiondoa.